Safari ya Ukerewe: Mtoto wa Ziwani na Maji Yake

Ndugu msomaji, juma hili nakualika tusafiri pamoja mpaka Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Victoria. Mizigo mingi haihitajiki. Chukua koti jepesi, maana upepo wa ziwani una baridi asubuhi, na uje na swali moja ambalo tutalibeba njia nzima: Je, mtoto azaliwaye kando ya maji, akala samaki wa maji hayo, akayavuka kwenda gulioni na hospitalini, yampasa kujua kuogelea? Pengine utacheka na kusema kwamba mtoto wa namna hiyo huogelea tangu tumboni mwa mama yake. Ngoja kwanza tufike.

Meli huondoka Mwanza, na abiria wa kila namna hujazana ndani yake: wenye maduka na marobota yao, akina mama na watoto mgongoni, walimu wanaorudi kazini, wagonjwa waliotoka hospitali ya Bugando. Ukitazama nyuma utaona vilima vya mawe makubwa yaliyopangana kama yaliyowekwa kwa mkono, na lile Jiwe la Bismarck likisimama peke yake majini. Kisha mji huwa mdogo, sauti za watu wa bandarini hupotea, na hubaki maji tu pande zote. Safari huchukua saa tatu hivi.

Tumia saa hizo kulitazama ziwa. Eneo lake ni zaidi ya kilometa za mraba 68,000, na karibu nusu yake imo Tanzania. Sehemu nyingine ni ya Uganda, na kidogo ni ya Kenya. Ukilipima na bahari si lenye kina kirefu, maana mahali pa kwenda chini kabisa ni mita 80 na kitu. Lakini usidanganyike kwa hesabu hiyo. Mtu mzima huzama katika maji ya mita mbili, na mtoto mchanga huzama katika beseni la kufulia. Tena ziwa hili lina tabia yake. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati juu ya maji yenye joto. Ndipo mawingu hupanda, radi hupiga, na dhoruba huwakuta wavuvi wa dagaa ambao kazi yao ni ya usiku usio na mbalamwezi. Ukiziona taa zao kwa mbali, zimepangana kama mji, utadhani ni sikukuu. Kumbe ni baba za watu wanaotafuta ada ya shule.

Sasa tumefika Nansio. Teremka taratibu. Utaona machungwa yamepangwa mafungu mafungu, na mihogo, na samaki waliokaushwa. Nchi hii ina watu wengi juu ya ardhi ndogo, na watu wake wana sifa ya elimu tangu zamani. Huko Kagunguli, penye misheni ya siku nyingi, ndiko alikoishi mzee Aniceti Kitereza, aliyeandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa lugha ya Kikerewe, kisha akazigeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu chake kilichapwa karibu na wakati alipoaga dunia, mwaka 1981. Basi usije ukafikiri umefika mahali pa watu wajinga. Neno tutakalolisema leo halina uhusiano na ujinga.

Tutoke mjini tushike njia ya kwenda Bugolora, upande wa pili wa kisiwa. Kila penye mwalo simama kidogo. Utawakuta watoto wa shule ya msingi, wengine bado wamevaa sare, wakiteka maji kwa madumu ya manjano, wakiosha masufuria kwa mchanga, wakifua, wakigeuza dagaa walioanikwa. Hii ndiyo kazi yao ya kila siku, asubuhi kabla ya kengele na jioni baada ya kengele. Wavulana watano au sita watakuwa majini, wakirushiana maji na kupiga kelele. Utasema, "Tazama, wanaogelea!" Hebu watazame vizuri. Miguu yao imegusa chini. Wakienda hatua tatu zaidi, watarudi upesi. Na wasichana? Wao wamesimama maji yakifika magotini, dumu mkononi. Wakiisha kujaza huondoka. Wengi wao hawajapata kulala juu ya maji hata mara moja maishani mwao.

Muulize mama mmoja aliye karibu, naye atakujibu kwa adabu: "Baba, sisi tumewakataza. Anayejifunza kuogelea ndiye anayezama." Jibu hilo lina akili ndani yake, na tusilidharau. Mama huyo amewahi kusikia vilio usiku. Anajua ziwa kuliko wewe na mimi. Lakini angalia, ndugu msomaji: amemkataza mtoto kuogelea, lakini hakumkataza kuteka maji. Hawezi. Asipoteka, nyumba haipiki. Kwa hiyo mtoto yupo majini kila siku, ila yupo bila silaha.

Bugolora ndipo penye kivuko cha kwenda Ukara, kisiwa kilicho kaskazini ya Ukerewe. Wakara ni wakulima hodari. Tangu enzi za ukoloni wageni walikuja kustaajabia jinsi wanavyofuga ng'ombe nyumbani, wakakusanya samadi na kuitia katika mashamba yao madogo, hata ardhi isichoke. Huko pia kuna lile jiwe linalocheza, ambalo wenyeji hupenda kumwonyesha mgeni. Lakini leo huwezi kutia mguu gatini Bwisya bila kukumbuka siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018.

Siku hiyo ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Kivuko MV Nyerere kiliondoka kikirudi Ukara na watu wengi mno; kiliwekewa kubeba watu 100 hivi, nacho kilibeba zaidi ya mara mbili. Kilikuwa kimekaribia kabisa kufika, watu wa nchi kavu wanakiona, ndipo kikapinduka. Waliokufa walikuwa watu 228. Waliookolewa wakiwa hai walikuwa 41. Mmoja wao, fundi wa mitambo, alikutwa hai siku mbili baadaye, akiwa ndani ya chumba kilichobakiwa na hewa kidogo. Baadhi yao walizikwa pale pale Bwisya, na taifa zima likaomboleza siku nne. Wazee wa Mwanza, waliposikia habari hizo, walikumbuka tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilipozama ikitoka Bukoba kwenda Mwanza na kuua mamia ya watu. Makaburi ya wengi wao yako Igoma.

Hapa yafaa tuseme kweli yote. Je, wale watu wangalijua kuogelea, wasingalikufa? Wengine wasingalikufa, maana nchi kavu ilikuwa karibu. Lakini wengine wangalikufa tu, kwa sababu chombo kiliwafunika, au walishikwa na wenzao, au walikuwa wamebeba watoto wachanga. Kuogelea hakuondoi kosa la kujaza watu kupita kiasi. Sheria ya vivuko ifuatwe, maboya ya kuvaa yawepo na yavaliwe, na nahodha akatae fedha ya abiria wa ziada. Hayo ni ya serikali na ya wenye vyombo, na hatutaacha kuyadai. Lakini siku nyingi ziwa haliui kwa mamia. Huua mmoja mmoja: mvulana aliyefuata mpira, msichana aliyeteleza juu ya jiwe, kijana wa mtumbwi uliopigwa na wimbi. Habari zao haziandikwi magazetini. Hujulikana kwa mama zao tu.

Nao ni wengi duniani. Shirika la Afya la Ulimwengu, WHO, lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Kwa watoto wa miaka 5 mpaka 14, yaani hasa watoto wetu wa shule ya msingi, kufa maji ni sababu ya tatu ya vifo. Mwezi Aprili mwaka 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliweka tarehe 25 Julai kila mwaka iwe siku ya kukumbuka jambo hili. Tena WHO inashauri watoto wa umri wa kwenda shule, tangu miaka sita, wafundishwe kuogelea na kujiokoa majini. Basi hatuzungumzi juu ya mchezo wa matajiri wenye mabwawa ya vigae. Twazungumza juu ya somo, kama kusoma na kuhesabu.

Turudi kwa yule mama wa mwaloni, maana ana hoja nyingine, nazo ni nzito.

Atakuambia, "Mganga wa zahanati ametuonya juu ya kichocho." Ni kweli kabisa. Visiwa hivi vina kichocho kingi. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hutoka katika konokono wakaao penye majani ya maji, nao hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Lakini kumbuka kwamba anayefua na kuteka maji naye huguswa na maji yale yale. Mafunzo ya kuogelea yaliyopangwa vizuri yaweza kupunguza hatari hiyo, ingawa hayaiondoi. Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, tangu saa nne hata saa nane mchana. Basi mafunzo yafanyike asubuhi. Mahali pachaguliwe pasipo majani wala maji yaliyotuama. Watoto wote wapate ile dawa ya prazikuanteli inayogawiwa shuleni. Na zaidi ya yote, vyoo vijengwe na vitumiwe, maana kichocho huanza kwa uchafu wa binadamu kuingia ziwani. Penye kisima au bwawa safi, hapo ni bora zaidi.

Atakuambia tena, "Na mamba je?" Hapo hakuna ubishi. Mahali panapojulikana kuwa na mamba au viboko hapafai saa yoyote, wala kwa mafunzo wala kwa kuteka maji. Wazee wa kijiji wanapajua. Waulizwe wao kwanza, kisha uwekwe uzio wa miti imara.

Mwisho atashusha sauti na kusema, "Na binti yangu? Atavua nguo mbele ya watu?" Kwa hilo twende kidogo mpaka Nungwi, kaskazini ya Unguja. Huko, tangu mwaka 2011, mradi uitwao Panje ulianza kuwafundisha watoto kuogelea na kuokoa wenzao. Katika nchi ile ya Waislamu wasichana wengi hawakuwahi kuingia baharini, ingawa bahari ipo mlangoni mwao. Basi wakashonewa nguo za kuogelea zinazofunika mwili wote, wakafundishwa na wanawake wenzao, na madumu matupu ya manjano yakawa maboya yao. Wazazi waliokuwa na wasiwasi waliona kwamba heshima ya binti haikuguswa. Watu wa Unguja na Pemba wana sababu ya kulijua jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2011 meli MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na Julai mwaka 2012 ikafuata MV Skagit. Sasa niambie, ndugu msomaji: dumu la manjano halipo Ukerewe? Lipo kila nyumba. Mama wa Kikristo naye aweza kumshonea binti yake suruali nyepesi na fulana ya kumfunika.

Wengine wanasema, "Hatuna fedha." Nchi ya Bangladesh ina watu maskini wengi na mabwawa ya vijijini kila upande, na watoto wake walikuwa wakifa maji kwa wingi. Huko hawakungoja mabwawa ya vigae. Walijenga jukwaa la mianzi ndani ya maji ya bwawa la kijiji, mtoto akaweza kusimama bila kupotea kilindini, wakachagua vijana wa kijiji kile kile wakawafunza kuwa waalimu. Kipimo chao si mashindano: mtoto aogelee mita 25, na aelee sekunde 30. Wataalamu waliowafuatilia waliona kwamba watoto waliofunzwa walizama kwa uchache mno kuliko wasiofunzwa. Mita 25 ni nini? Ni mara nyingi umbali wa kutoka penye hatari mpaka penye mkono wa mtu.

Sisi Wakristo tuna sababu nyingine ya kulitafakari neno hili. Mitume wengi walikuwa watu wa ziwani. Twakumbuka sana jinsi Petro alivyoanza kuzama kwa hofu, Bwana akamnyoshea mkono. Lakini mara chache twakumbuka sura ya mwisho ya Injili ya Yohana, ambapo Petro yule yule, aliposikia kuwa ni Bwana, alijifunga vazi lake akajitupa baharini, na chombo kilikuwa mbali na nchi yapata mikono mia mbili. Alijua la kufanya. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, chombo cha Paulo kilipovunjika Malta, akida wa Kirumi aliamuru wajuao kuogelea watangulie, na waliobaki wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu. Watu wote 276 walifika pwani salama. Mungu alikuwa ameahidi kuwaokoa, naye akawaokoa kwa mikono yao iliyopiga maji na kwa mbao walizozishika. Waalimu wa kale wa Kiyahudi nao, walipotaja wajibu wa baba kwa mwanawe, baadhi yao waliongeza hili: kumfundisha kuogelea. Basi sala na kujifunza havigombani.

Kama wewe ni mwalimu, au mzazi, au mkuu wa kwaya mwenye vijana wasio na kazi siku ya Jumamosi, haya ndiyo mambo ya kuanza nayo.

Kwanza, fundisha darasani kabla ya kwenda majini. Mtoto ajue kutokwenda ziwani peke yake, kutojitupa majini asipojua kina, kutopanda mtumbwi uliojaa. Ajue kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa chake kimo majini. Hana pumzi ya kuita. Watu hutazama wakidhani anacheza.

Pili, fundisha kuelea kabla ya kuogelea. Mtoto alale chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, apumue polepole. Anayejua kulala hivyo bila hofu amepata muda, na muda ndio uhai. Kupiga mikono na miguu kutafuata.

Tatu, mwalimu mmoja asichukue zaidi ya watoto watano kwa mara moja, na mtu mzima mwingine abaki nchi kavu akihesabu vichwa tu, asishike simu wala mazungumzo.

Nne, mtoto afundishwe asijitupe majini kumwokoa mwenzake. Anayezama humkumbatia amwokoaye, wakazama wote wawili. Ndivyo familia moja hupoteza ndugu wawili siku moja. Aite watu wazima, anyoshe fimbo au kanga, atupe kamba au dumu tupu lililofungwa mfuniko.

Tano, akitolewa mtu asiyepumua, asining'inizwe kichwa chini, wala asikandwe tumbo ili maji yatoke. Alazwe chali, kichwa kiinuliwe nyuma kidogo, abanwe pua na kupuliziwa pumzi mdomoni, kisha asukumwe kifua kwa nguvu na kwa haraka, huku wengine wakikimbilia msaada. Zahanati zetu zingeweza kulifundisha hili kwa saa moja.

Sita, mtoto mdogo asiyefika umri wa shule hafundishwi, yeye hulindwa. Asiachwe mwaloni chini ya ulinzi wa dada yake wa miaka saba.

Huko Mwanza lipo shirika liitwalo EMEDO, ambalo limekuwa likishughulika na kuzuia watu kuzama katika ziwa letu. Kazi yake ni njema, lakini ziwa lina mialo mingi kuliko shirika lolote. Kila mwalo una shule karibu, na karibu na shule nyingi kuna kigango. Vijana wa kigango wakichukua darasa moja la watoto ishirini kila mwaka, katika miaka saba watoto mia moja na arobaini watakuwa wamepita.

Jua linakwenda kutua, na wavuvi wanaanza kupakia taa zao mitumbwini. Ukisimama kwenye gati la Bwisya saa hii, maji ni tulivu, yana rangi ya dhahabu, na ni mazuri mno. Mungu hakuyaumba ili tuyaogope. Aliyaumba tule, tunywe, tusafiri. Lakini aliyepewa shamba hupewa na jembe; naye aliyepewa ziwa yampasa kupewa ujuzi wake.

Likizo ya shule itakapofika, baba na mama, waiteni watoto wenu mmoja mmoja na kumuuliza kila mmoja: "Mwanangu, ukianguka majini leo, utafanya nini?" Sikilizeni jibu lake. Kama hana jibu, hiyo ndiyo kazi yenu ya likizo.